Je, wajua mti hujuaje kuwa zamu yake ya kuchanua imefika?

Mkrismasi ulioko Miami huwaka maua mekundu mwezi wa Mei na Juni. Mkrismasi wa Unguja huwaka Novemba na Disemba, na ndipo ulipopatia jina. Ni mti ule ule, asili yake Madagaska. Chukua mbegu huku uipande kule, mti wake utafuata miezi ya kule bila ya kufundishwa na mtu.

Swali la nani anayeuambia mti hunijia kila Machi, ninapoziona ratiba za bustani za mimea za nchi za baridi. Mwezi huo bustani zile huwa kama nyumba yenye harusi. Kew ya London, iliyoanzishwa mwaka 1759, hujaa watu waliochoka kukaa ndani. Kwingineko watoto wa skuli hupelekwa kuotesha mbegu, watu wazima hufundishwa kupogoa, miche huuzwa, na matembezi ya kuongozwa hupangwa kila wiki. Bustani ya Brooklyn, New York, hutoa ramani ya micheri yake (miti ya cheri), mti mmoja mmoja: huu bado ni tumba, huu umeanza kufunguka, huu umechanua, njooni kabla haujapukutika. Uholanzi iko bustani ya Keukenhof ambayo hufunguliwa kwa wiki nane tu katika mwaka mzima. Tunguu za maua zipatazo milioni 7 hufukiwa ardhini kwa mkono kabla ya baridi kali, ili zichanue ndani ya wiki hizo nane.

Kwa nini kila kitu kirundikane pamoja namna hiyo? Kwa sababu mimea ya kule imetoka kulala, na imeamshwa kwa pamoja.

Mti wa nchi ya baridi huanza kujifunga kabla baridi haijafika. Hupukutisha majani, na vichipukizi vya mwakani huvifunika kwa magamba magumu. Lakini hapo kuna hatari. Januari inaweza kuleta siku tatu za joto katikati ya barafu. Mti ukidanganyika ukachanua, barafu ikirudi huunguza maua yote, na mwaka huo hakuna tunda. Kwa hiyo mti hauliamini joto peke yake. Kwanza huihesabu baridi. Epo (nasema epo la dukani, si tufaa letu) katika aina zake nyingi huhitaji kama saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Hesabu ikitimia, mti ndio huanza kulisikiliza joto. Ndiyo maana epo ukilipanda Wete linaweza kuota vizuri, likarefuka, na lisikupe chochote. Hesabu yake haitatimia milele.

Kipimo cha pili ni mwanga. Ndani ya majani mna kitu kiitwacho fitokromi, protini inayobadilika umbo kwa mwanga na kurejea taratibu gizani. Kwa kitu hicho mmea hupima urefu wa usiku. London siku ndefu ya Juni ina saa 16 na nusu za mwanga, na siku fupi ya Disemba haifiki hata saa 8. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, mmea hauwezi kupotea tarehe.

Baridi na mwanga vikikubaliana, bustani nzima hufunguka. Huko Kyoto, Japani, watu wameandika siku za kuchanua kwa micheri kwa zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2021 ilifika kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Dunia inapashwa moto, na miti inasema kabla ya watu.

Sasa njoo kwetu. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu kabisa na siku yetu fupi kabisa zimepishana kwa dakika 40 na kidogo. Baridi ya kuhesabiwa hatuna. Hata kipupwe tunachojifunikia shuka, kwa mti wa epo ni kiangazi. Tukisema majira ya machipuko tunatafsiri neno la watu. Visiwani yako majira mengine, na yote yanakuja na upepo: kaskazi na joto lake, masika, kipupwe na kusi, kisha vuli.

Miti yetu, basi, husikiliza maji. Utazame mbuni, yaani mti wa kahawa, ndio mfano ulio wazi zaidi. Wakati wa ukavu tumba zake hutokeza, zikakua kidogo, kisha zikasimama kabisa kama zimesahauliwa. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, mti haufanyi kitu siku ile. Baada ya siku kama kumi unaamka asubuhi, matawi yote ni meupe na harufu yake mithili ya asumini. Siku mbili tatu, yameshanyauka. Kiu ndiyo iliyozifanya tumba zingojane, na mvua ndiyo iliyotoa ruhusa. Mkrismasi nao ni hivyo hivyo kwa kiasi kikubwa: Miami mvua huingia Mei, kwetu vuli huingia Oktoba, na kote kuwili mti huchanua ukavu unapokwisha.

Mkarafuu ndio unaostahili kusemwa kwa kituo. Kwao ni visiwa vya Maluku, na wengi hatukumbuki kuwa ulitufikia kwa njia ya bustani ya mimea. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuletesha miche kutoka Maluku hadi Mauritius, ikatunzwa katika bustani ya Pamplemousses. Kutoka visiwa vile vilivyotawaliwa na Wafaransa ukavushwa hadi Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu. Uchumi mzima wa visiwa hivi, na deni la jasho la watumwa waliolima mashamba hayo, ulianza na miche iliyokuwa ikimwagiliwa bustanini.

Mkarafuu hupenda mvua nyingi, lakini unataka na kipindi cha ukavu ndipo ushike tumba. Tumba zikishatokeza kwenye ncha za matawi, hukaa miezi kadhaa zikinenepa. Uchumaji kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi mwisho wake, ukisogea mbele au nyuma kulingana na mvua, na mwaka mmoja huja kwa neema ukafuatwa na miaka ya uchache. Mchumaji hungoja tumba igeuke kutoka kijani kuelekea wekundu, naye huurudia mti ule ule mara nyingine, kwa kuwa vishada havikomai pamoja. Nyumbani watu hukaa kitako kuchambua, karafuu huku na makonyo huku, kisha zikaanikwa juani, kijiji kizima kikanukia.

Lakini karafuu ni tumba. Tunaichuma kabla haijafunguka, maana ikifunguka thamani yake imeondoka. Kila mwaka Pemba hushika maua yasiyo na idadi, na sisi wenyewe tuliozaliwa chini ya miti hiyo wengi wetu hatujaliona ua la karafuu hata moja likiwa wazi.

Kuhusu majira ya watu wa kaskazini, liko jambo moja linalonigusa sana. Sisi pia tulipewa sikukuu ya machipuko, lakini imetukimbia. Mwaka Kogwa unaosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai, kwa kupigana kwa vigogo vya migomba na kwenda kuoga pwani, chimbuko lake ni Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya Waajemi, ambayo kwao leo ni mwanzo wa majira ya kuchipua, kiasi cha tarehe 21 Machi. Waajemi walirekebisha kalenda yao mwaka 1079 ili siku hiyo isiliache jua. Mwaka uliovuka bahari kuja kwetu ulibaki na siku 365 kamili, bila ya ile siku ya ziada ya kila miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja. Mtu akiishi miaka 60 umesogea siku 15 tu, haoni. Karne zikipita ukazunguka miezi.

Hata hivyo wazee waliufanyia kazi. Waliugawa kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za mwisho. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kutweka. Hiyo ni ratiba ya shughuli za mimea iliyokuwapo kabla ya ratiba yoyote ya Brooklyn, na ninaamini bustani ya mimea ya visiwani ingefaa kuanzia hapo badala ya kuiga Machi ya watu.

Mambo ya kuweka ndani yake hayakosekani. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza hapa katika karne ya 19, alikuwa mtaalamu wa mimea na alipeleka vielelezo vingi Kew. Kima punju wa Jozani kwa jina la kisayansi ameitwa kwa jina lake. Kwa upande mwingine, mkilua, mti wa kilua tunachokitia kwenye kikuba pamoja na asumini na rihani, ulipoandikwa na Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Kew, ulipewa jina la jenasi (kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu) *Mkilua*, kama tunavyousema sisi. Jenasi hiyo ina spishi moja tu. Pemba nayo ina mpapindi, mti wa porini wa jamii ya minazi usioota kwa asili mahali pengine popote duniani, uliomo katika msitu wa Ngezi. Bustani ya Victoria pale Vuga, na mashamba ya Kizimbani, yana historia ya kutosha ya miti iliyoletwa kujaribiwa.

Basi ratiba ningeipanga hivi. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, bustani itangaze: baada ya siku kumi njooni kwenye mibuni. Mtufaa ukichanua, watoto waletwe waone ardhi iliyotandikwa nyuzi za rangi ya zambarau iliyokoza, waambiwe kuwa huu na mkarafuu ni ndugu wa jenasi moja. Mlangilangi hauna msimu mmoja, lakini una saa yake: harufu hukolea usiku hadi alfajiri, kwa hiyo matembezi yake yawe baada ya sala ya asubuhi, jua halijapanda.

Na mkarafuu mmoja uachwe bila kuchumwa. Watu waje waione ile kofia ndogo ya petali ikianguka na nyuzi nyeupe zikitokeza kama brashi, nyuki wakiuzunguka. Baadaye warudi walione tunda lake, lenye mbegu moja. Mbegu hiyo haivumilii kukaushwa wala kuwekwa akiba. Ikikaa siku chache hufa. Kwa hiyo siku itakapookotwa, vifuko vya udongo viwe tayari, na kila mtoto aliyekuja apande yake pale pale.