Usiniambie kusudi lako, niambie jana ulifanya nini kazini

Mimi hushauri watu kuhusu kazi, na ujumbe uleule umekuja tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mhasibu kijana wa halmashauri. Amepanga kuandika barua ya kuacha kazi, akae nyumbani kwa muda, ajitafute, na akishalijua kusudi lake ndipo aombe kazi inayolingana nalo. Ananiomba nimsaidie kulipata. Kabla yake aliniandikia muuguzi, na kabla ya muuguzi, mwanafunzi wa uhandisi aliyetaka kuahirisha mwaka kwa sababu hiyohiyo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo najibu hapa.

Imani yenyewe iko hivi: kila mtu ana kusudi moja, limefichwa ndani yake tangu kuzaliwa, wajibu wake ni kulifukua, na akilifukua kazi inayomfaa itajionyesha. Kama kazi aliyonayo inamchosha, basi yuko mahali pasipo pake. Mahubiri haya yako kwenye semina za kiingilio, kwenye stetasi za WhatsApp, redioni asubuhi. Hayanikeri kwa sababu yanatia moyo, moyo wautie tu. Yananikera kwa sababu yanamfanya mtu mwenye akili timamu na ajira mkononi aache kuangalia mambo ambayo angeweza kuyabadilisha mwezi huu, aanze kuchungulia moyoni mwake, mahali ambapo taarifa anayoitafuta haipo.

Kuhusu dini niseme mara moja nisonge mbele. Sibishani na mchungaji wako wala shehe wako. Kuamini kwamba Mungu amekuumba kwa kusudi hakukulazimishi kuamini kwamba kusudi hilo ni cheo kinachotangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali.

Na ule mchoro wa duara nne, unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji na unacholipwa, ambao kila semina inauonyesha kama hekima ya kale ya Wajapani, haukutoka Japani. Ni mchoro wa Mhispania, Andrés Zuzunaga, na mwaka 2014 mwanablogu wa Uingereza, Marc Winn, akaubandika pale katikati neno ikigai, la Kijapani, yaani sababu ya kuishi. Nautaja kwa sababu watu wananijia na huzuni ya kweli kwamba hawajafika katikati. Watu wazima wengi ninaowajua wenye maisha ya kuridhisha hawapo katikati. Mmoja wao, mshahara wake unatoka hospitali, furaha inatoka kwaya, sifa ya kuwa fundi mzuri inatoka shambani kwake Mkuranga. Hakuna kanuni inayosema vyote vinne vitoke kwa mwajiri mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote: watu wanapima kazi kwa jina lake.

Mtu akikaa mbele yangu akasema "uhasibu haunifai", simwulizi anapenda nini. Namwomba anisimulie jana, tangu alipoingia ofisini mpaka alipotoka. Alifungua nini kwanza? Nani alimpigia simu, akitaka nini? Kitu gani alikisogeza mpaka kesho kwa sababu hakutaka hata kukigusa? Ni wakati gani alitazama saa kila baada ya dakika tano, na wakati gani alisahau kuitazama? Wengi wanashangaa, maana walikuja wamejiandaa kuzungumzia ndoto. Lakini ukinipa jana tatu au nne za namna hiyo, naanza kuona kitu.

Chukua uhasibu wenyewe. Mhasibu wa halmashauri mwezi Juni: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, vocha zinarudi kwa sababu kiambatisho kimekosekana, mkuu wa idara amesimama mlangoni anataka malipo yake yapite, na huko mbele hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinamsubiri. Mhasibu wa SACCOS ya walimu: siku nzima anazungumza na watu, huyu anataka mkopo wa ada, yule anabishia riba, mwingine amefiwa na anahitaji fedha kabla ya saa nane. Mhasibu wa mradi wa wafadhili: lahajedwali, ripoti ya robo mwaka, bajeti isiyoruhusu shilingi kuhama kifungu bila barua. Mhasibu wa duka la jumla Kariakoo: stoo, mashine ya EFD ya kutolea risiti, na tajiri anayeuliza faida kabla hujafunga hesabu. Wote hawa wanaweza kuwa na CPA ileile, cheti cha uhasibu cha bodi ya wahasibu, NBAA. Kinachomchosha wa kwanza huenda hakipo kabisa kwa wa pili. Huyo wa kwanza akiacha uhasibu akalipa ada ya miaka mitatu kusomea saikolojia kwa sababu amegundua "anapenda watu", ameenda mbali mno kutafuta kitu ambacho kilikuwa SACCOS, mtaa wa pili kutoka ofisini kwake.

Hiki ndicho ninachotaka kieleweke hata kama mengine yote utayasahau. Taaluma ni jambo moja na kituo ni jambo jingine, na sehemu kubwa ya uchungu ninaoletewa kama kilio cha kukosa kusudi ni uchungu wa kituo. Bosi. Zamu. Umbali wa kwenda kazini. Mshahara unaochelewa. Kukaa peke yako chumbani wakati wewe ni mtu wa kuongea, au kuongea siku nzima wakati wewe ni mtu wa utulivu. Yule muuguzi aliniandikia kwamba wito wake umekufa. Nilipomwomba anisimulie wiki yake, nilikuta zamu za usiku zilizofuatana kwenye wodi yenye wauguzi pungufu. Alichopoteza ni usingizi. Nilimwomba asiamue lolote kuhusu maisha yake mpaka awe amelala vizuri kwa majuma kadhaa, na akaombe kuhamishiwa kliniki ya mchana.

Mzazi naye huja na matokeo ya kidato cha nne, mtoto amepata Division I, amepangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, mzazi anauliza kama mtoto "ana wito wa udaktari". Mtoto hajawahi kuingia wodini isipokuwa kumwona bibi yake mgonjwa. Wito gani huo tunaoweza kuupima kwa mtu asiyeijua kazi? Mama, mwulize kama anavumilia miaka mitano ya kusoma na mmoja wa mafunzo ya kazi baada yake, kama anaweza kukesha, kama anaweza kumwambia mtu mzima habari mbaya akimtazama usoni. Kisha mtafutie daktari wa wilaya akae naye likizo, aone. Tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, ziliongezwa mwaka 2024 hadi kufika 65, na nilifurahi, ila wingi wa milango haumwambii mtoto ndani kuna nini.

Fani yetu yenyewe ya ushauri wa kazi ina mkono wake katika kueneza kosa hili. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha Boston ofisi ya kuwaelekeza vijana kazi, na kanuni yake ilikuwa: mjue mtu, ijue kazi, linganisha. Kipimo cha Holland, kinachopanga mapendeleo ya mtu kwa herufi sita za aina za kazi, ambacho nakitumia hadi leo, ni mjukuu wa kanuni hiyo. Tunapenda kuwapa watu zile herufi kana kwamba ni majibu ya maabara. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti za miongo mingi, ulipima kama mtu ambaye mapendeleo yake yanalingana na kazi yake ndiye anayeridhika zaidi kazini. Uhusiano ulikuwa takriban 0.19, kwenye mizani ambayo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Upo, lakini ni mdogo. Mdogo kuliko tunavyowaambia wanafunzi siku ya maonyesho ya vyuo.

Nina shaka nyingine ambayo vitabu vyetu vinaipita kimya. Kipimo hiki kilitengenezewa Wamarekani. Kinamwuliza kijana aliyekulia kijijini kama angependa kufanya kazi maabara, naye hajawahi kuiona maabara, anajibu hapana. Je, hapo nimepima pendeleo lake au nimepima shule aliyosoma? Natumia kipimo kufungua mazungumzo. Sikubali kifunge mjadala, na sipendi kabisa kukiona kinauzwa mtandaoni kwa ahadi kwamba kitakuambia wewe ni nani.

Halafu kuna suala la mapenzi ya kazi. Watu husema "sijakipata bado ninachokipenda", kana kwamba kipo tayari kimekaa mahali kinawasubiri. Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Katika mojawapo, wanafunzi walitazama video kuhusu mashimo meusi ya angani, wakavutiwa, kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya somo hilohilo. Walioamini kwamba mapenzi ya jambo unayakuta tu yakiwa tayari walipoteza hamu zaidi kuliko walioamini kwamba mapenzi hukuzwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu, hasa kwa wanafunzi wanaorudi kutoka field, mafunzo kwa vitendo. Majuma mawili ya kwanza ya kazi yoyote ni ya aibu: huelewi lugha yao, unatumwa fotokopi, hakuna anayekumbuka jina lako. Aliyefundishwa kwamba kazi sahihi ataitambua kwa moyo kuruka anaisoma aibu hiyo kama ishara, anaondoka. Mwenzake anayebaki hadi awe na uwezo kidogo huanza kupenda, na mapenzi yake yanakuja nyuma ya uwezo.

Na wito? Upo. Nimekutana nao, na nisingependa kuwa mtu wa kuwadharau wenye nao. Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wao, na ndani yake walikuwemo wasaidizi wa ofisi 24 wa chuo kimoja, kazi ileile: karibu theluthi waliiona kama ajira ya kulipwa tu, theluthi kama ngazi ya kupandia, na theluthi kama wito. Kwa hiyo wito haukai kwenye cheo. Lakini soma pia utafiti wa Bunderson na Thompson wa mwaka 2009 juu ya watunza wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada. Waliojiona wameitwa walipata maana kubwa katika kazi yao, na haohao ndio waliokuwa tayari zaidi kuachia mshahara, muda na starehe zao. Mwajiri anayejua hilo anaweza kulitumia. Kila ninaposikia "ualimu ni wito" likitamkwa pale walimu wanapouliza malimbikizo yao, nakumbuka wale watunza wanyama. Mwalimu mwenye wito anadai stahiki zake, na wito wake unabaki palepale.

Wazee wana jibu lao kwa haya yote: mchagua jembe si mkulima. Fanya kazi yoyote, kazi ni kazi. Naliheshimu, limelea familia nyingi, na kwa kijana asiyewahi kufanya kazi yoyote liko karibu na ukweli kuliko semina. Ila linaposemwa kwa mwanamke aliyekaa miaka kumi kwenye kituo kinachomvunja mgongo, na nafasi ya kuhama ipo, hapo silikubali. Jembe lenye mpini uliopasuka hubadilishwa.

Yule mhasibu ana jambo jingine ambalo hakuliandika mpaka nilipouliza: anasomesha wadogo zake wawili, mmoja kidato cha tano, mwingine VETA. Analipa tangu baba yao alipostaafu. Na mtu huyu ananiandikia kwamba maisha yake hayana kusudi! Hili naliona mara kwa mara kiasi kwamba siku hizi naliuliza mapema. Mahubiri ya kusudi yametufundisha kuhesabu tu maana inayotoka ofisini na inayopendeza kwenye wasifu. Ada ya mdogo wako haimo kwenye duara lolote kati ya zile nne, lakini ndiyo inayokuamsha saa kumi na moja alfajiri.

Nilichomshauri ni kifupi. Usiandike barua bado. Deni la mkopo wa elimu ya juu wa HESLB halitasimama kwa sababu unajitafuta. Andika jana zako kwa mwezi mmoja, jioni, mistari mitano. Omba kuhamia kitengo cha mapato, ambako utatoka nje na kukutana na wafanyabiashara, uone kama ni uhasibu au ni ile meza. Watafute wahasibu watatu wa vituo vingine uwaulize jana zao. Baada ya hapo, kama bado unataka kuondoka, nitakusaidia kuandika barua kwa mikono yangu.

Ushauri huu una mpaka, nami sina namna ya kuuficha. Ushauri wenyewe unadhani kwamba kituo cha pili kipo. Kwa wengi hakipo, au kipo kwa mwenye koneksheni tu. Nina kijana mmoja mwenye shahada ya mipango miji anayeendesha bodaboda. Jana yake ni abiria, mafuta, na hesabu anayompelekea tajiri mwenye pikipiki jioni. Sikumpa kipimo chochote. Tulikaa tukapiga mahesabu: pikipiki ni ya mkataba, imebaki miezi michache iwe yake. Mkataba ukiisha, hesabu ikikoma, atabakiwa na asubuhi mbili kwa wiki za kwenda kujitolea ofisi ya mipango miji ya manispaa, aone kazi aliyoisomea inavyofanywa. Huenda akakuta haimfai. Akiikuta hivyo, ataijua kwa kuiona, na pikipiki itakuwa yake.