Mafunzo ya kuzuia ubaguzi kwa wanaohudumia wazee wa LGBTQI: maana yake

Ni mafunzo ya kazini kwa wauguzi, wapishi, madereva, wafanya usafi na makarani wa mapokezi, ili mzee asinyimwe huduma wala kudhalilishwa kwa kuwa ni mpenzi wa jinsia moja, amebadili jinsia au ni huntha. Marekani yamefika hadi kwenye sheria: mwaka 2018 jimbo la Massachusetts liliyafanya ya lazima kwa watoa huduma za wazee wanaofadhiliwa au kupewa leseni na jimbo. Shirika la SAGE la New York, linalotetea wazee wa LGBTQI tangu 1978, nalo huyafundisha.

Kwa nini wazee hasa? Aliye na miaka 80 leo alikuwa kijana wakati mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai karibu Marekani nzima, na chama cha madaktari wa akili kiliyahesabu kuwa ugonjwa hadi 1973. Ukigundulika, kazi huna. Sasa mtu huyo anahitaji mgeni wa kumwogesha. Wengine, mhudumu akibisha hodi, hukimbilia kuondoa picha ya mwenzi wao ukutani. Aliyeishi naye miaka 40 anageuka kuwa "rafiki yangu tu".

Mafunzo yanashughulika na mambo madogo kama hayo. Fomu iliyoandikwa "jina la mume/mke" inabadilishwa iulize: nani wa karibu nawe, tumpigie nani ukizidiwa? Mzee anaitwa kwa jina analolitumia. Siri yake haipelekwi jikoni. Na wakazi wenzake wakimtukana, mhudumu haruhusiwi kujifanya hakusikia. Hilo si suala la adabu pekee: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya mkazi wa makao ya wazee huko Illinois, ilisema mwenye makao anaweza kuwajibishwa akijua unyanyasaji wa aina hiyo na asichukue hatua.

Wengi hudhani mhudumu anatakiwa abadili imani yake. La. Anaulizwa atakavyomlisha, kumvisha na kuzungumza na mzee aliye mbele yake, basi.

Binafsi sina imani na somo la saa moja kwenye kompyuta ambalo mtu analimaliza huku anakunywa chai, halafu cheti kinatundikwa mapokezi na fomu ni ileile ya zamani.