Kuhamishia magari ya biashara kwenye umeme: maana yake hasa

Wengi wakisikia maneno haya hudhani ni kuuza gari la petroli na kununua la stima. Huko ni kubadilisha gari tu. Kuhamisha magari ya biashara ni kuipanga kazi upya: lipi linakwenda wapi, kilomita ngapi, linarudi saa ngapi, na usiku linalala wapi.

Chukua duka la jumla pale Malindi lenye tuktuk tatu za mizigo na pikapu moja. Tuktuk mbili huzunguka mjini, Shela, Maweni hadi Casuarina. Ya tatu hupeleka mchele na soda Gede na Watamu. Pikapu huenda Mombasa kuchukua bidhaa, kilomita 120 hivi kwenda peke yake. Mwenye duka akiangalia risiti za mafuta, atatamani kuanza na pikapu kwa sababu ndiyo mlaji mkubwa. Hapo ndipo watu wanapokosea. Pikapu ikiishiwa chaji njiani na shehena mgongoni, akiba yote ya mwezi imekwisha siku hiyo.

Tuktuk za mjini ndizo za kuanzia. Njia zao zajulikana, jioni zote zimo uani, na kutwa kazi yao ni kusimama na kuondoka. Injini ya petroli huwa inanguruma wakati katoni zinashushwa, na hata ikitembea, sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hupotea kuwa joto. Mota ya umeme ikisimama haizunguki, wala haina oili ya kumwaga wala plagi ya kubadilisha.

Bei ya kununua ndiyo inayotisha, lakini si ya kutazamwa peke yake. Jumlisha kila kitu tangu siku ya kununua hadi siku ya kuuza: chaji au mafuta, matengenezo, bima, na betri mpya ile ya kwanza itakapochoka. Kwa hesabu hiyo, chombo kinachotembea kila siku hurudisha pesa zake. Kinachoshinda kimeegeshwa hakirudishi. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi, ilipitisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku mkubwa, kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana nimeuliza gari linalala wapi. Uani kwahitajika mita yake, nyaya zinazohimili mzigo huo, na paa.

Paa si anasa. Betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa kwenye joto, zaidi zikiachwa zimejaa pomoni, na jua la Malindi twalijua. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi vya nyaya. Muuzaji akikuambia betri inakwenda kilomita 100, wewe ipangie 70.

Halafu kuna dereva. Aliyezoea kubakiwa na chenji ya petroli hataipenda stima hata kidogo, na asipoongezewa kitu, chombo kipya kitakuwa na "hitilafu" kila Jumatatu.

Tuktuk ya Watamu ifuate baada ya miezi michache, njia yake ikishapimwa. Pikapu ibaki na dizeli yake kwanza.