Beverage ya mita 160: antena inayopenda udongo mbaya

Usiku kwenye 1.83 MHz, yaani bendi ya mita 160 ya redio ya ridhaa (ya wapenzi wa redio, si ya biashara), tatizo la kusikia si udogo wa mawimbi ya mbali, ni wingi wa makelele. Antena ya wima unayorushia inanasa radi za Kongo, chaja ya sola ya jirani na kituo cha London bila ubaguzi. Ukiweka kikuza mawimbi, unakuza vyote pamoja. Dawa ni antena isiyosikia upande usioutaka, hata kama yenyewe ni dhaifu. Beverage, antena ya kusikilizia, ni dhaifu kweli, tena sana, lakini inachagua. Harold Beverage aliipatia hataza Marekani mwaka 1921, na Desemba mwaka huohuo Paul Godley aliitumia kule Ardrossan, Uskoti, kunasa vituo vya ridhaa vya Marekani kutoka ng'ambo ya Atlantiki.

Ni waya mmoja uliolala karibu na ardhi. Wimbi linalopita juu ya udongo usiopitisha umeme vizuri huinama mbele kidogo, kana kwamba miguu yake inaburutwa. Mwinamo huo ndio unaozalisha mkondo ndani ya waya, na mkondo unaongezeka kadiri wimbi na waya wanavyokwenda pamoja hadi kwenye kebo iendayo kwenye redio. Wimbi la kutoka nyuma linakua kuelekea ncha ya pili, na huko rizista iliyofungwa kati ya waya na ardhi inalimeza. Juu ya maji ya chumvi hakuna mwinamo wa maana, kwa hiyo kiwanja cha kando ya mikoko kitakupa kamba ya kuanikia nguo tu. Mwamba wa matumbawe, mchanga mkavu, changarawe ya bara: huko ndiko kwake.

Mwelekeo kwanza, kabla ya kununua hata msumari. Ukiwa Dar es Salaam, London iko kwenye digrii 335 hivi za dira (kaskazini ni 0), New York 311, Tokyo 55. Waya wenye urefu wa mita 180 husikia vizuri takriban digrii 40 kila upande wa mstari wake, hivyo akili ya haraka inasema lenga 323, katikati ya London na New York. Mimi nasema lenga 340. Bonde la Kongo, ambako radi hazipumziki karibu mwaka mzima, liko kwenye 290 hivi. Kwa kusogea kaskazini kidogo unalitoa nje ya mdomo wa antena, na New York bado imo. Kumbuka pia kwamba ncha yenye rizista ndiyo inayoelekea kituo unachokitafuta, kebo inakaa nyuma. Wanaoigeuza ni wengi, kisha wanailaumu antena.

Waya wowote unafaa. Wa uzio wa umeme wa milimita 1.6 ni rahisi na haurefuki ovyo kama shaba laini. Nguzo 10, moja kila mita 20, za mirunda au mianzi, na vishikizo vya plastiki vya uzio huohuo. Kimo mita 2.5, ili mtu mwenye mzigo kichwani apite salama. Usivuke mita 3: vipande vya wima kwenye ncha vitaanza kunasa kutoka pande zote na kuharibu uchaguzi ulioutafuta. Usiuweke sambamba na nyaya za umeme za barabarani, na uwe mbali na antena ya kurushia kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Kwa vipimo hivyo impidansi ya waya (ukinzani wake kwa mawimbi ya redio) ni kama omu 520. Rizista iwe ya omu 470, wati 2, ya kaboni au oksidi ya metali. Ile ya waya uliozungushwa haifai, kwa kuwa ni koili.

Hapa sasa udongo mbaya unadai malipo yake. Fimbo moja ya shaba ya mita 1.5 kwenye changarawe kavu inaweza kukupa zaidi ya omu 100, na hizo zinajumlika na rizista yako. Kwa hiyo kila ncha ipewe fimbo pamoja na waya nne za mita 8 hadi 10 zilizolazwa juu ya ardhi, zikitawanyika pembeni, si chini ya waya mkuu. Kupima, chomoa transfoma inayounganisha waya na kebo, weka multimita kati ya waya na fimbo ya upande wa kebo, soma, badilisha ncha za multimita, soma tena, chukua wastani. Inabidi ubadilishe kwa sababu udongo wenyewe una volti kidogo. Omu 500 hadi 650 ni sawa. Ukikuta 900, ongeza nyaya za ardhini. Ukikuta mzunguko umekatika, tembea na waya utafute ng'ombe alipopita. Rudia kipimo masika na kiangazi.

Kebo ni ile ya dishi, RG-6 ya omu 75. Transfoma ni kiini cha feraiti (kauri ya sumaku) chenye matundu mawili, BN-73-202: mizunguko 2 upande wa kebo, 5 upande wa waya. Mzunguko mmoja ni kuingia tundu hili na kurudi kwa lile. Anayehesabu kila kupita kuwa mzunguko ataishia na nusu ya mizunguko, na sikio lake litakufa chini ya 3 MHz. Ukiwa na BN-43-202 tu, weka 4 na 10. Koili mbili zisigusane kabisa. Ganda la kebo (wavu wake wa nje) lisiungwe kwenye fimbo ya antena. Lipe fimbo yake, mita 5 kuelekea nyumbani.

Kipimio cha antena kikipita 1 hadi 7 MHz kinapaswa kuonyesha SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo) iliyotulia, kati ya 1.3 na 2. Ikipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, kosa liko kwenye rizista au ardhi ya ncha ya mbali.

Jaribio la mwisho wengi hulikwepa. Tenganisha waya kwenye transfoma, weka rizista ya omu 470 mahali pake, washa redio. Pawe kimya. Ukisikia kituo chochote cha mawimbi ya kati, unasikiliza ganda la kebo, si antena: zungusha kebo nyembamba mara 10 kwenye pete ya feraiti aina ya 31 karibu na transfoma, kisha jaribu tena.