Mita Haiibi Uniti, na Sitaandika Kuwa Inaiba

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tatu, zote kwa maneno yale yale: "Njoo unipimie mita, inaniibia." Hakuna aliyesema njoo uangalie nyumba yangu inatumiaje umeme. Ni mita tu. Kazi yangu ni kukagua matumizi ya umeme majumbani hapa Dodoma, na kila nikifika mlangoni nakuta hukumu imeshatolewa, mimi nimeitwa kuigongea mhuri. Nimechoka. Leo naandika yote mahali pamoja, ili atakayenipigia tena nimtumie hii kwanza.

La bei nalimaliza haraka. Ukinunua umeme wa shilingi 10,000 ukapata uniti 28, hujaibiwa. Uniti moja ya T1, daraja la bei la watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa shilingi 356.24. Gawanya mwenyewe. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo elfu kumi ile ile inakupa uniti kama 24. Aliyezoea D1, daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo wa nyumbani, alikuwa analipa 9,150 kwa uniti 75 za kwanza. Akihamia T1, hela hiyo hiyo inampa uniti zisizofika 26. Huyo ndiye anayelalamika kwa uchungu kuliko wote, na simlaumu kwa uchungu. Namlaumu kwa kuifuata mita wakati kilichobadilika ni bei.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kweli, nalo ni wati na uniti. Watu wanasoma wati kwenye kifaa na kudhani wamesoma gharama. Wati ni ukali wa kula. Uniti ni chakula kilicholiwa: wati 1,000 zikila saa nzima ni uniti moja. Mlaji mkali aliyekaa mezani dakika mbili anaweza kula kidogo kuliko mlaji mpole asiyenyanyuka kuanzia asubuhi. Kuna baba ananiambia watoto wake wanamfilisi kwa kuacha taa. Taa ya wati 9 ikiwaka saa 12 mfululizo inakula uniti 0.108, yaani shilingi 38. Kwenye bafu la nyumba hiyo hiyo kuna hita ya wati 4,500. Ikiwaka dakika 10 tu imekula uniti 0.75. Watu wanne wakioga, ni uniti 3 kwa siku, zaidi ya shilingi 1,000, na baridi ya Juni na Julai ya hapa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, haiogeki kwa dakika 10. Lakini anayegombezwa ni mtoto aliyeacha taa.

Nielezee nyumba moja ya Nzuguni, kwa idhini ya mwenye nyumba aliyeniomba nisimtaje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mita ndiyo hiyo. Wewe niandikie barua kuwa inaiba, mengine niachie mimi."

Nilimwomba kwanza nipime. Nikazima breka zote, zikabaki za soketi za jikoni, na humo nikachomeka jagi la maji peke yake, limejaa hadi kwenye alama. Kwenye uso wa mita palikuwa na maandishi 1000 imp/kWh, yaani kale kataa kekundu kanamweka mara 1,000 kwa kila uniti. Jagi limeandikwa wati 2,000. Hesabu ya mtaani inasema kataa kamweke mara 33 kwa dakika. Nilihesabu mara 28.

Mzee akaruka: "Umeona? Haisomi sawasawa!"

Nikamwonyesha volti. Ukutani zilikuwa 212, na jagi limeandikiwa 230. Kifaa cha kuchemsha hakipunguzi nguvu kidogo kidogo volti zikishuka. Nguvu hufuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. 212 gawanya kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.85. Jagi la wati 2,000 siku ile lilikuwa jagi la wati 1,700, na wati 1,700 ni miweko 28 kwa dakika. Nikaliacha liendelee. Dakika tano, miweko 142. Hesabu ilitaka 141 na kitu. Maji yakaanza kuunguruma tukiwa tumesimama pale wawili, yeye na saa yake, mimi na yangu.

Kuna wanaojipimia kwa jagi na kunitumia video kwamba mita ni mbovu. Wengi hawajapima volti. Na kama mita yako iko juu ya nguzo, ndani una kibodi tu, acha habari ya kuhesabu mweko. Soma tarakimu za uniti kabla na baada ya saa nzima ya mzigo unaojulikana.

Baada ya jagi nilirudisha breka, nikazima taa na vifaa vya ndani, nikakaa kimya. Ndipo nikaisikia pampu.

Anayeishi Dodoma anaijua. Maji ya mgawo yanaingia kwenye tangi la chini, pampu ya otomatiki inayasukuma ndani ya nyumba, presha ikishuka inawaka, ikipanda inazima. Bomba zote zilikuwa zimefungwa, lakini pampu iliwaka sekunde 20, ikanyamaza sekunde 100, ikawaka tena. Nikamuuliza mzee tangu lini. Akasema ni kawaida yake, pampu yenyewe ndogo, inawaka kidogo tu.

Kidogo tu! Sekunde 20 katika kila 120 ni moja ya sita. Moja ya sita ya siku ni saa nne. Pampu ilikuwa inafanya kazi saa nne kila siku bila mtu kuchota hata kikombe.

Hapa wakaguzi wenzangu wengi wanateleza. Kifaa cha kubana waya kilinipa amperi 4.6. Ukizidisha kwa volti 212 unapata 975, na nimeona ripoti za watu zikiandika wati 975. Mota haihesabiwi hivyo. Mota inachota amperi ambazo si zote zinageuka kuwa kazi, na mita ya nyumbani inalipisha wati halisi tu. Nilifungua bomba la nje ili pampu isizime, nikahesabu mweko dakika tano: 65. Hiyo ni wati 780. Tofauti ya 975 na 780 ni asilimia 25 ya jibu la kweli. Ukiikosea umemdanganya mteja kwa tarakimu zinazopendeza.

Wati 780 kwa saa nne ni uniti 3.12 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 93.6, zaidi ya shilingi 33,000 za T1. Na mbona hakuna aliyeona maji yanapotea? Kwa sababu hayakuwa yanapotea. Valvu ya kuzuia maji yasirudi, kule chini kwenye bomba la kunyonyea, ilikuwa na kichanga kimekwama. Maji yalipandishwa, yakarudi taratibu kwenye tangi lile lile, yakapandishwa tena. Nyumba ilikuwa inanunua umeme wa kuzungusha maji yale yale usiku na mchana.

Mzee akatoa pochi. "Basi nunua hiyo valvu, funga, nitakulipa yote pamoja."

Nikakataa, na hapo ndipo tulipokaribia kukosana. "Unakiona kidonda halafu hukitibu?"

Ninaelewa inavyoonekana. Lakini mkaguzi anayelipwa pia kwa kurekebisha ataona ubovu kila mahali, hata bila kukusudia. Chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani, ASHI, kilichoanzishwa 1976, kinamkataza mwanachama wake kurekebisha kwa malipo kitu alichokikagua, kwa mwaka mzima baada ya ukaguzi. Mimi si mwanachama wao. Kanuni hiyo nimeichukua kwa kuwa nimeona inachozuia: kijana anakuja "kukagua bure", kwenye begi lake ana taa za kuuza, na ripoti yake kila mara inaishia kwenye taa. Leseni ya EWURA niliyo nayo inasema naweza kufunga waya. Haisemi kuwa nina macho ya ukaguzi wala kuwa sina cha kuuza. Anayeingia kwako akijiita mkaguzi, muulize analipwa na nani mwingine, na mwombe orodha ya vitu ambavyo hakuvikagua. Ripoti isiyo na orodha hiyo, mrudishie.

Yangu ya Nzuguni iliandika wazi: sikufungua lakiri ya mita, na hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa isipokuwa shirika la umeme lenyewe, sikuona waya zilizo ndani ya ukuta, sikupanda darini, nilikuwepo saa tatu za siku moja ya Oktoba. Saa tatu haziwezi kusemea mwaka. Friji inayohangaika na joto la Oktoba inapumua Julai, na hita ya bafuni kinyume chake.

Ninayo mashaka mengine, na nayasema. Mita nyingi za nyumbani ni za daraja la 1, maana yake kosa lake lisizidi asilimia 1 kwenye mzigo wa kawaida. Kifaa changu cha kubana waya kina kosa la asilimia 2 hadi 3. Kwa lugha nyingine, ninaenda kuipima rula nzuri kwa rula mbaya zaidi. Nikikuta tofauti ya asilimia 2, sina haki ya kusema lolote. Nikikuta tofauti kubwa, au meni swichi imezimwa na mita bado inahesabu, hapo naandika, na mteja anaomba mita ipimwe na wenyewe. Imenitokea mara moja, na mita ilibadilishwa. Ndiyo maana hata mimi siwezi kuapa kuwa haiharibiki kamwe.

Tena miongozo mingi tunayosoma imeandikwa kwa nchi za baridi. Inataka uzibe mlango, uweke feni kubwa, ushushe presha ya hewa ya ndani kwa paskali 50 (kipimo cha presha) uone nyumba inavuja wapi. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha kwa makusudi, hazina hita za vyumba wala kiyoyozi. Kuvuja kwa hewa kwetu usiku ni faida. Kinachotutesa ni bati linalopika dari mchana. Tembe la Kigogo, kwa kuta nene na paa la udongo, lilishalitatua hilo, na bado sina kipimo rahisi cha kumweleza mwenye nyumba ya bati amepoteza nini.

Na kosa langu la Mkonze bado linaniuma. Nilimwambia mama mmoja friji yake ndiyo inayomaliza umeme, kwa kuwa ilikuwa ya zamani na mpira wa mlango umelegea. Akanunua mpya. Uniti zikaendelea kuyeyuka. Niliporudi na kupima waya kwa volti 500, kama nilivyopaswa kufanya siku ya kwanza, waya wa kwenda banda la kuku, uliozikwa bila bomba, haukufika hata megaomu 1, kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme kuvuja. Ulikuwa unavujisha umeme ardhini, na nyumba haikuwa na breka ya kukata uvujaji. Nilimrudishia ada yangu. Friji sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo kabla ya kunipigia, chukua daftari. Siku saba, saa 12 jioni kila siku, andika uniti zilizobaki na uniti ulizonunua. Karatasi hiyo inanifaa kuliko maelezo ya nusu saa ya jinsi unavyoibiwa.

Mzee aliandika yake. Valvu ilibadilishwa na fundi bomba wa mtaani, na wiki iliyofuata matumizi yalishuka kwa uniti tatu hivi kila siku. Nikampelekea ripoti. Kwenye mstari wa mita nilikuwa nimeandika: "Haikuonyesha kosa ambalo vifaa vyangu vinaweza kulipima." Akaisoma mara mbili, miwani mkononi, akaniomba nifute maneno ya mwisho, niandike tu kuwa haina kosa, kwa sababu sasa anaiamini.

Sikuyafuta.