Si kila mfungwa aliyepelekwa Australia aliishi jela

Picha iliyozoeleka ni ya Mwingereza aliyepelekwa Australia, akafungiwa gerezani na kuburuta minyororo hadi kufa. Minyororo ilikuwepo, na viboko pia, hasa kwa waliofanya makosa mapya huko huko. Hao waliweza kuishia kisiwa cha Norfolk, mahali pa mateso kwelikweli. Lakini kwa wengi kati ya watu wapatao 162,000 waliosafirishwa kati ya 1788 na 1868, adhabu yenyewe ilikuwa kazi.

Wengi walikabidhiwa kwa wenye mashamba, wachunge kondoo au walime kwa kulishwa na kuvishwa tu. Aliyetulia alipewa kibali cha kujitafutia kazi ya malipo kabla kifungo hakijaisha. Sydney ya mwanzo haikuwa hata na bweni la kutosha: mfungwa alimaliza kazi ya serikali alasiri, kisha akahangaikia kibarua apate kodi ya chumba.

Mtazame Francis Greenway, msanifu majengo wa Bristol aliyehukumiwa kwa kughushi hati. Alifika Sydney 1814, na miaka miwili baadaye Gavana Macquarie akamfanya msanifu wa serikali. Ndiye aliyechora Hyde Park Barracks, bweni la mwaka 1819 lililowabana wafungwa wenzake kuliko vyumba vya kupanga. Alifariki fukara 1837. Mwaka 1966 Australia ilichapa sura yake kwenye noti ya dola 10. Mghushi, kwenye noti halali!