Onlaini "ilishindwa" 2020? Hapana jamani

Kazi yangu ni kukaa na walimu wa chuo kikuu tupange kozi zao za mtandaoni, na juzi tena lekchara kaniambia, "Achana na onlaini, tulijaribu wakati wa korona ikashindwa."

Hamkujaribu. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, tarehe 15 rais akatangaza shule zifungwe na vyuo vikuu viwe vimefungwa kufikia tarehe 20. Siku saba! Kozi ya mtandaoni ikipangwa vizuri inachukua miezi 6 hadi 9, kwa hiyo kilichofanyika pale ni kuokoa muhula tu. Mwezi huohuo Charles Hodges na wenzake, watafiti wa elimu wa Marekani, waliandika wakiomba hivi vitu viwili visichanganywe, ile ya korona wakaiita ufundishaji wa dharura wa mbali, maana waliona kabisa lawama itakuja kuangukia onlaini. Na imeangukia.

Mkumbuke mlivyofanya. Lekcha ya masaa 3 ya darasani mliimwaga Zoom vilevile, slaidi 80, mwanafunzi yuko kijijini kwao kapanda kilimani kutafuta netiweki, bando limekata dakika ya 20 na hakuna rekodi ya kurudia, halafu kwenye mtihani mnashangaa. Hiyo hata darasani ingefeli. Wakati Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa 1992 na kinafundisha watu wa mbali hadi leo, kwa sababu kiliundwa hivyo tangu mwanzo.

Ushauri wangu ni uleule kila siku na sitaacha kuurudia: rekodi sauti ya dakika 15, haifiki hata MB 5 ukiibana vizuri, tuma na kurasa mbili za notsi na swali moja la kujibu kabla ya Ijumaa. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu.

Eti vijana wamezaliwa na simu kwa hiyo hawahitaji kufundishwa. Kujua TikTok sio kujua kupakia asaimenti kwenye Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni), wape wiki ya kwanza yote wazoee.

Eti onlaini ni bei rahisi. Kwa chuo labda, lakini gharama ya bando mmemhamishia mzazi.

Na hii ya kulazimisha kamera ziwashwe ndio ujue wapo, tafadhali acheni, vidio inamaliza bando na wengine wanasoma chumba kimoja na wadogo zao watatu. Uliza swali kila dakika 10 wajibu kwa kuandika, utajua nani yupo.